Kila mtu anasema kijana ndiye aliyekosea, ila mimi najua nilikuwa upande gani

Asalaam aleikum mshauri,

Nimezaliwa Maskati, na wazee wangu wote wawili asili yao ni Unguja. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichosemwa jikoni, Kiarabu tukakikuta skuli. Nimeolewa na mtu wa hapa, na huu ni mwaka wa pili tangu tuhamie Unguja na watoto wetu watatu, kwa sababu mavyaa wangu ni mtu mzima na mume wangu ndiye mwanawe anayemtegemea. Kwa pasipoti mimi ni mgeni, nakaa kwa kibali. Kwa sura na jina hakuna anayenijua kuwa mgeni mpaka nishike usukani.

Maskati nimeendesha gari miaka 11 bila ya kugonga hata paka. Kule barabara kubwa ni pana, ya kwenda na ya kurudi zimetengwa, rada ziko kila pahala, na tunapita kulia. Hapa tunapita kushoto, usukani uko kulia, na hata kijiti cha indiketa kimehama mkono. Mwezi wa kwanza kila nikitaka kukata kona nawasha waipa. Wanangu wanacheka: "Mama, mvua inanyesha tena!"

Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni watu. Nikisimama kwenye zebra mbele ya skuli ili watoto wapite, daladala iliyo nyuma yangu hunipigia honi kisha ikanipita hivyo hivyo. Siku moja mtoto mdogo alirudi nyuma kwa kuruka, mkoba wake ukabaki katikati ya njia. Vespa zinapita kushoto kwangu na kulia kwangu. Baskeli usiku hazina taa. Shemeji yangu, kaka wa mume, ananiambia, "Wewe ndiye hatari. Unaendesha kama uko kwenye mtihani. Endesha kama sisi." Na kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo wa Maskati mimi ndiye mchekeshaji. Nawapelekea visa vya barabara za Unguja, wao wananijibu "huko leseni zinauzwa sokoni na mchicha", na mimi nacheka nao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Miezi miwili iliyopita nilimpeleka mume wangu bandarini awahi boti ya saa 1 asubuhi. Wakati wa kurudi nikaingia kituo cha mafuta. Kiza kilikuwa kinaondoka, njia tupu, hakuna gari hata moja la kunionesha upande. Nikalipa, nikatoka, nikakata kulia na nikashika kulia. Nikaenda hivyo, sijui mita 50, sijui 60, moyo umetulia, nawaza chai. Mara nikaona taa moja inanijia uso kwa uso. Nikavuta usukani kushoto. Na yeye akavuta kushoto kwake, akaingia mtaroni.

Alikuwa kijana wa Vespa anayesambaza mikate madukani. Kapu lilikatika, maboflo yakatapakaa njia nzima, mengine bado yana moto. Nimemwinamia namshika mkono, na harufu iliyonijaa puani ni ya mkate. Alivunjika mfupa wa muundi. Watu walipojaa, gari yangu ilikuwa imesimama kushoto, pale inapotakiwa iwe. Yeye hana leseni, na helmeti hakuvaa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mzee mmoja alisema, "Vijana hawa wa Vespa watatumaliza," na wote wakaitikia. Shemeji alipofika akaninong'oneza, "Wewe nyamaza, usiseme neno," wala hajui ni neno gani nililokuwa nalo.

Mambo yakamalizwa kienyeji, polisi hawakuingia. Tulilipa matibabu, kiasi cha shilingi 900,000, ikasemwa kwamba tumetoa kwa ubinadamu tu. Tukaenda kumtazama na mchele na sukari. Mama yake alitukaribisha chai, akatushukuru mpaka nikaona haya kuinua kikombe. Kijana mguu uko kwenye plasta, akanitazama, akasema pole pole: "Mimi nilidhani labda mimi ndiye niliyekosea upande."

Sikumjibu. Mpaka leo sijui alikuwa ananiuliza au ananieleza.

Mume wangu anajua kwamba kijana alikuja kwa kasi, basi. Tangu siku ile nikishika usukani viganja vinatoka jasho. Yeye anasema nirudi barabarani haraka kabla woga haujaota mizizi, maana watoto wana skuli asubuhi na chuoni jioni. Mavyaa anasema ajali ni kadari, nisijikondeshe. Mimi nafikiria kuacha gari kabisa, tutafute dereva. Na nafikiria kumwambia yule kijana kweli. Halafu naona nitawafedhehesha walionisimamia, na mimi ni mtu wa kibali, sijui sheria itanifanya nini. Nifanye nini, mshauri?

Mama wa Watatu, Unguja

*

Waaleikum salaam, Mama wa Watatu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ni ya mtu anayeogopa barabara. Mara ya tatu niliona ni ya mtu anayeogopa sebule moja, ile uliyonywea chai. Umezifunga shida mbili kwenye kanga moja: upate vipi kuendesha tena katika mji ambao watu wake hawaendeshi kama ulivyolelewa, na ulifanye nini neno ambalo wewe peke yako, au wewe na kijana, mnalijua. Nitazifungua moja moja, ingawa nahisi fundo lao ni lile lile.

Niruhusu kwanza nikurudishie maneno yako mwenyewe. Umetuhesabia makosa ya barabara zetu: daladala zinazopita kwenye zebra, Vespa zinazokuja kila upande, baskeli zisizo na taa. Yote kweli, na mimi ningekuongezea mengine. Hujataja nusu saa ya kabla ya futari mwezi wa Ramadhani. Lakini alfajiri ile hakukuwa na daladala. Na kijana taa yake ilikuwa inawaka, umeandika mwenyewe kwamba uliona taa moja inakujia. Hana leseni, hilo ni kosa, na siku moja litamgharimu, lakini leseni haikuhamishi upande. Helmeti nayo hailindi muundi. Sikwambii haya kukuumiza. Naona tu kwamba hadithi unayoituma Maskati na hadithi uliyoniandikia mimi hazifanani, na labda ndiyo maana vicheko vya lile kundi siku hizi vinakuchoma.

Pili, umejihukumu kama mtu aliyefanya jambo la ajabu. Kosa lako lina umbo linalojulikana kwa kila aliyehama kutoka nchi za kulia kuja za kushoto. Halitokei kwenye msongamano wa Darajani, kwa sababu pale magari mengine yanakushika mkono. Linatokea njia ikiwa tupu, mtu yuko peke yake, kachoka au katulia, na ametoka kusimama pahala: kituo cha mafuta, maegesho, uwanjani mwa nyumba. Akili inarudi kwenye ada ya zamani. Barabara kubwa za Maskati zina ukuta wa kati unaokurekebisha, huwezi kukosea hata ukitaka. Zetu nyingi zina mstari tu, na pengine mstari wenyewe umeshafutika.

Wala upande si tabia ya watu. Kushoto kwetu kumekuja na Muingereza, aliyeitawala nchi hii kwa jina la ulinzi tangu 1890 hadi 1963. Uswidi walikuwa wakipita kushoto mpaka Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1967. Alfajiri hiyo magari yalisimama, yakahamia upande wa pili pole pole, na saa 11 kamili yakaondoka upande wa kulia. Unajua kilichofuata? Mwanzoni ajali zilipungua, maana kila mtu alikuwa na hofu na macho yamemtoka. Watu walipozoea, zikarudi zilikokuwa. Nakueleza haya kwa sababu wewe hukukosea mwezi wa kwanza, ulipokuwa ukiwasha waipa. Umekosea mwaka wa pili, ulipokwisha kustarehe. Kwa hiyo hofu uliyo nayo sasa si adui mtupu. Swali ni uiweke wapi isikufunge mikono.

Mume wako anataka urudi haraka. Namwelewa, na pengine yuko sawa kuhusu mizizi. Lakini kurudi vipi? Wengi watakwambia kajizoeze kwenye njia tupu, nenda huko Tunguu asubuhi ya Jumapili. Kwa mtu mwingine ni ushauri mzuri. Kwako wewe njia tupu ndiyo iliyokuponza, kwa hiyo usiiendee peke yako. Awepo mtu kiti cha kushoto. Na iko alama moja inayofanya kazi Maskati na Unguja sawasawa, ilimradi gari iwe na usukani wa nchi hiyo: dereva anakaa upande wa katikati ya barabara, abiria upande wa mtaro. Kila ukitoka pahala, jiulize mtaro uko karibu na nani. Ukiwa karibu na wewe, umekosea, simama. Wanao waliokucheka kwa waipa wape kazi hiyo. Watoto hawasahau kazi ya kumkosoa mama.

Kwenye mzunguko wa Michenzani utazame kulia, huko ndiko wanakotoka wenye haki ya kupita; mkono wako wa Maskati utataka kutazama kushoto. Na hata ukivuka kwa miguu, ni kulia kwanza.

Sasa lile la shemeji, "endesha kama sisi". Sentensi hii ina mambo mawili ndani, na naona umeikataa yote kwa sababu ya moja. Ukiambiwa upite kwenye zebra watoto wakiwa njiani, kataa, hata akisema mavyaa. Lakini iko lugha ya barabara ya hapa ambayo si uhuni. Honi, kwa mfano. Mtu aliyelelewa Maskati huenda akaisikia kama tusi. Hapa honi fupi nyuma ya baskeli ni kama kupiga hodi: niko nyuma yako, usiyumbe. Marehemu baba alinifundisha gari njia ya Bungi, chini ya miembe ya Bi Khole, na nakuhakikishia nilifundishwa honi kabla ya gia. Gari la mbele likikuwashia indiketa ya kulia wakati halikati kona, mara nyingi linakwambia usinipite, kuna kitu mbele. Utingo akitoa kiganja dirishani anakipunga chini, daladala inasimama pale pale, usingoje taa za breki. Na mtu akikuwashia taa kubwa mara moja usiidhanie kuwa ni ruhusa. Wapo wanaomaanisha "pita", na wapo wanaomaanisha "napita mimi". Ngoja uone magurudumu yake.

Kwenye zebra vile vile. Ukisimama ghafla mbele ya daladala ya 502 iliyochelewa, umefuata sheria, na mtoto bado yuko hatarini, kwa sababu wa nyuma hakujua unasimama na mtoto anakuamini wewe. Anza kupunguza mwendo mbali, gusa breki mara mbili tatu taa zako zionekane, toa mkono nje. Na usimpungie mtoto kwamba avuke. Simama tu, mwache atazame mwenyewe njia ya pili. Ukimpungia, anaona njia nzima imempa ruhusa, na umempa wewe tu. Labda hili ndilo shemeji alilokuwa akijaribu kulisema kwa maneno mabovu: si kwamba unaendesha vibaya, ila watu hawakusomi. Labda. Muulize siku moja akiwa hana haraka.

Dereva wa kuajiri ni njia pia, na wala si aibu. Mama wengi hapa wana dereva wa skuli. Ila fikiria mambo mawili. Dereva utakayempata naye ni mmoja wa "sisi", na wewe utakuwa kiti cha nyuma, na wenye gari wengi huona haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Jengine, ukiacha gari leo kwa sababu ya alfajiri ile, utakuwa umelipa kwa kitu ambacho kijana hakipati. Huo ndio wasiwasi wangu. Mtu huweza kujinyima gari mwaka mzima akidhani analipa deni, na mwenye kudai hana habari kama amelipwa.

Hapo tumefika sebuleni.

Sikwambii uende ukaseme, wala sikwambii unyamaze. Nikutazamie njia tu. Ukinyamaza na ukaendelea kusaidia, mchele leo, pesa kidogo kesho, kijana atafaidika kweli, na hakuna atakayefedheheka. Tatizo lake ni kwamba kila ukipeleka, mama yake atakushukuru, na umeshaniambia shukrani zile zilivyokukaa kooni. Ukisema, kuna hatari za kweli. Familia yake huenda ikadai zaidi, na wana haki ya kufikiri hivyo. Ikiwa mtu alisamehe kwa alichoambiwa, basi alichosamehe ni hicho alichoambiwa. Jambo linaweza kufika polisi. Shemeji atasema umemvunjia heshima, ingawa yeye alikunyamazisha bila ya kujua. Na hali yako ya kibali si ya kuichezea. Kwa hiyo kabla ya neno lolote kutoka nje ya nyumba, kaa na wakili, umweleze yote, umuulize mtu kama wewe anasimama wapi. Muulize na habari za bima. Bima ya lazima ya gari iko kwa ajili ya watu kama kijana huyu, na mkimaliza kienyeji yeye ndiye anayeikosa. Kampuni hutaka kuarifiwa mapema, na miezi miwili imeshapita; huenda mlango umefungwa, huenda haujafungwa.

Ikiwa kinachokusumbua ni dini, basi unajua tayari kwamba haki ya mja haifutwi na mwingine ila mwenyewe. Tafuta sheikhe unayemwamini, si lazima awe wa mtaani kwako.

Lakini yupo mtu mmoja kabla ya wakili na sheikhe, naye alikuwa kwenye boti. Umeniandikia mimi nisiyekujua kabla ya kumwambia mume wako. Huenda una sababu. Unaogopa atakuona vipi? Au unaogopa kwamba akijua, hutaweza tena kutojua? Yeye anakusukuma urudi kwenye usukani huku hana habari unaogopa nini hasa. Ushauri anaokupa ni wa ajali nyengine, iliyomtokea mwanamke mwengine.

Na kijana naye. Nimejiuliza kwa nini alilisema lile neno pole pole, mbele ya watu, halafu akanyamaza. Huenda naye anaogopa. Hana leseni, akifungua mdomo, trafiki wa kwanza kumuuliza maswali atamuuliza yeye. Inawezekana nyinyi wawili mmekaa sebule moja, kila mmoja ananyamaza kwa kumwogopa mwenzake, na mama yuko katikati anamimina chai. Sina hakika. Wewe ulikuwepo, uliuona uso wake.

Umenieleza maboflo yalivyotapakaa, hata moto wake umenieleza. Hukunieleza nani anayasambaza sasa, na nyumba ile inakula nini mguu ukiwa kwenye plasta. Umelipa hospitali, siku zake za kazi sijaziona kwenye hesabu. Hilo unaweza kuliuliza kesho, hata kabla hujaamua lolote katika haya mengine.

Ila lile neno lake sijaweza kuliacha. "Nilidhani labda mimi ndiye niliyekosea upande." Mguu utapona, atapanda tena Vespa, kiza cha alfajiri, kapu limejaa, na siku atakayokutana na taa mbili uso kwa uso atasita kidogo kujiuliza upande wake ni upi.